Bawabu Aliyekataa Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa lango. Tulikuwa wamonaki sita katika nyumba mpya, mbele kidogo ya Makutupora, na Padre Mkuu, mwanzilishi wetu, akanipa ubawabu, yaani kulinda lango na kupokea wageni. "Bruda, ukimya mkuu unaanza baada ya sala ya usiku mpaka misa ya asubuhi. Hapo hatusemi neno." Nami nikawa mkali kuliko sheria yenyewe.

Kesho yake alfajiri akafika Mzee Ndahani, jirani aliyetuazima kisima chake kule korongoni, maana chetu kilikuwa hakijachimbwa. "Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo, akasubiri. Nikaweka kidole mdomoni. Akasalimu tena, nikakiweka tena, nikijiona mtakatifu. Mzee akageuka, akaenda zake.

Saa nne tulikuta kisima kimezibwa kwa miiba. Nikamweleza Padre Mkuu yaliyotokea langoni. Hakugomba, na hilo liliniuma zaidi. Alituambia kwamba bila maji nyumba itafungwa, kila mtu arudi kwao. Kisha akaniita pembeni.

"Yule mmonaki wa kale wa Misri, aliyewakusanya wenzake wakaishi pamoja, kwanza alikuwa askari wa kulazimishwa. Walipofungiwa wasitoroke, Wakristo asiowajua wakamletea chakula. Imani yake ilianzia hapo. Sasa wewe umemnyima mtu salamu? Nenda."

Nilikwenda kwa aibu. Nikaanza na shikamoo. Kwa Wagogo salamu haikatwi: tukaulizana ng'ombe, uwele, wajukuu, mvua, mpaka jua likawa utosini. Mwishowe akacheka.

"Kumbe unasema. Nilidhani wametuletea bubu."

Akaondoa miiba kwa mkono wake, kwa sharti kwamba nimwamkie kila siku.

Nilimwamkia miaka yote. Tulipopata kisima chetu, Padre Mkuu aliniuliza kama bado nina haja ya kwenda kule. Nikamjibu kwamba siku hizi sifuati maji.

Ninyi vijana mnaoanza, sheria ishikeni, ila mjue imewekwa kwa ajili ya nani. Mimi mwaka huu magoti yamenigomea, nikakabidhi lango. Siku ya tatu bodaboda ikasimama nje. Mzee Ndahani, mkongwe kabisa sasa, akateremshwa taratibu, akaja kuketi kando yangu.

"Nasikia umestaafu," akasema. "Lango, sawa. Lakini kwangu mimi, nani amekustaafisha?"