Mteja wa Alhamisi na Gitaa Lake Jekundu

Mwaka juzi mume wangu aliniletea mke mwenza wa mbao, akamlaza juu ya meza yangu ya kazi, kisha akaniomba kwa upole nimuunganishie waya.

Sitanii. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na hadi leo nikiyakumbuka uso unaniwaka moto.

Mimi ni fundi wa redio. Ndiyo, mwanamke. Redio, spika, pasi, feni, chochote chenye waya kikigoma kinaletwa kwangu. Mume wangu, Baba Pacha, ni seremala, na karakana yake iko jirani na kibanda changu. Yeye ananisikia nikitukana redio za watu, mimi namsikia akipiga randa. Miaka kumi na miwili tumekaa hivyo, vizuri tu.

Sasa Baba Pacha ana ugonjwa mmoja, gitaa.

Alipokuwa kijana alimsikia mwanamke mmoja aliyejulikana kwa jina la Dada Umeme akipiga gitaa, na tangu siku hiyo hajapona. Picha yake ya gazetini ameibandika karakanani. Msichana mrefu, kichwa ameinamisha, gitaa jekundu kifuani. Bendi yake ilishasambaratika zamani na watu walisema mwenyewe alishafariki. Mimi na ile picha hatukuwa na ugomvi. Marehemu utamwonea wivu wa nini?

Ugomvi ulianza na ubao.

Ulikuwa ubao mzuri, mwekundu, aliouhifadhi miaka. Ubao ule ulikuwa na ahadi yangu. Aliniambia utakuwa kabati langu la vyombo. Asubuhi moja naingia karakanani, nakuta ameshauchora umbo la gitaa na msumeno uko mkononi.

Nikauliza gitaa la nani. Akasema la mteja.

Mteja gani? Akatabasamu, akasema nitamjua tu.

Nikajifanya sijali. Lakini jamani, mngemwona anavyolifanyia kazi lile gitaa. Aliazima kioo changu cha kukuzia ili ahesabu vitufe kwenye picha ya Dada Umeme, maana alitaka liwe lile lile. Alipiga msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akimaliza anapitisha kiganja taratibu, anafumba macho, anapitisha tena. Mimi sijapapaswa vile tangu pacha wazaliwe.

Wifi yangu, dada yake, ni mshonaji na ana duka mtaa huo huo. Huyo utani ndio chakula chake. Kila akipita ananiuliza hali ya mke mwenza, ameamkaje, amevaa nini leo. Nacheka naye, halafu akiondoka nanuna.

Kisha zikaanza Alhamisi.

Kila Alhamisi saa kumi Baba Pacha ananawa mikono, anabadilisha shati, anaondoka. Seremala gani anabadilisha shati kwenda kwa mteja? Nikimuuliza, jibu lile lile. Ni mteja, utamjua.

Wifi akaja kunimalizia. Alimwona anapanda ngazi za nyumba moja ya ghorofa, mlango wa kijani, na kwenye kamba ya juu kulikuwa na magauni tu. Alisema kwa utani, lakini mimi safari hii sikucheka.

Siku moja aproni yake ilikuwa imening'inia, mwenyewe hayupo. Nikapekua. Najua haipendezi. Nilipekua.

Nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mkono wa mwanamke uliochorwa kwa penseli kwa kuuzungushia, mkono wa kushoto, vidole vyembamba, kila kidole kimeandikwa urefu wake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja kidogo, kwa madaha.

Kumchora mtu mkono ni lazima uushike. Lazima auweke mezani na wewe umwinamie.

Nikauweka mkono wangu juu ya ule mchoro. Wangu ulimwagika pande zote, una makovu ya lehemu na kucha zilizokatika. Nilibaki nimeuangalia muda mrefu, na roho iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Nikaikunja karatasi tena mara nne, nikairudisha. Nilikaa kimya kama maji mtungini.

Wiki hiyo hiyo akaniletea gitaa nilifunge waya. Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Shingo yake nyembamba kuliko gitaa lolote nililowahi kulishika, na mimi nilijua imepimwa kwenye mkono wa nani.

Niwaeleze kidogo, maana hapa ndipo penye kosa langu. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna visanduku vya sumaku vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi. Hili lilikuwa na viwili. Kimoja kinatoa sauti nzito, kingine sauti kali. Swichi ikiwa juu unasikia kimoja, ikiwa chini unasikia kingine, ikiwa katikati unasikia vyote kwa pamoja.

Kila kisanduku kina nyaya mbili. Ukizigeuza nyaya za kimoja, kikiwa peke yake kinalia vizuri kabisa. Lakini ukiviwasha vyote, vinapingana. Kimoja kinasukuma wakati kingine kinavuta, besi yote inaliwa, na kinachobaki ni sauti nyembamba ya puani. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Mimi siyo mwanafunzi. Niligeuza zile nyaya nikijua, nikazilehemu vizuri, nikafunga kifuniko na skrubu zote sita.

Nilitaka yule mwanamke aweke swichi katikati, asikie takataka, na Baba Pacha aaibike mbele yake. Alhamisi ziishe. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu na siipambi.

Tulipolijaribu niliishika swichi mwenyewe. Juu, safi. Chini, safi. Katikati niliiruka, nikazima amplifaya na kusema kazi imekwisha. Baba Pacha alifurahi hata akanishika mabega. Akasema hakuna fundi kama mimi. Nikamwambia aache kelele.

Halafu akaniambia nikabadilishe nguo, twende wote. Mteja anataka kumwona fundi wa waya.

Ningeweza kusema naumwa kichwa. Lakini wivu una kiburi chake, na mimi nilitaka kumwona huyo mwenye vidole. Nikavaa gauni langu la maana na kupaka rangi ya midomo. Kama ni vita, basi iwe vita.

Tukapanda zile ngazi, yeye na gitaa, mimi na amplifaya. Mlango wa kijani ukafunguliwa.

Alikuwa bibi kizee.

Mgongo uliopinda umemfanya mfupi, kitambaa kichwani, magauni yake yaliyofuliwa yamekunjwa kitini. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo sikuitambua. Aliponipa mkono nikauangalia. Vidole vyembamba, viungo vimevimba, kile cha mwisho kimekakamaa na hakinyooki. Yale niliyoyaita madaha yalikuwa maumivu.

Baba Pacha akasema polepole, "Mke wangu, huyu ndiye Dada Umeme."

Nilikaa bila kukaribishwa.

Wakanieleza wakipokezana. Baba Pacha alikuja pale kutengeneza dirisha, akamtambua. Gitaa lake jekundu liliungua na nyumba miaka mingi iliyopita, na baadaye vidole vikaanza kugoma. Baba Pacha akamwambia atamtengenezea jingine, lenye shingo ya kufaa mkono alionao sasa, na kila Alhamisi alikuja kuijaribisha mkononi mwake. Bibi alikubali kwa sharti moja, asiambiwe mtu yeyote, hata mke, mpaka gitaa likamilike. Aliogopa watu wangekuja kumsikiliza akishindwa.

Na mimi nilikuwa nimeshamfungia kushindwa kwenyewe ndani, kwa skrubu sita.

Nilitaka kusema. Nilikuwa nimechelewa. Baba Pacha alikuwa ameshachomeka waya, na bibi ameshalipakata gitaa, anapitisha kiganja juu ya ule ubao wangu huku amefumba macho.

Akaweka swichi juu, akapiga taratibu. Vidole vilisita, vikakosea, vikarudi. Baba Pacha alikuwa haoni wala hasikii kitu kingine. Akaweka chini, akapiga tena, safari hii vidole vimeanza kukumbuka. Kisha mkono wake ukaenda katikati.

Nikafumba macho.

Sauti iliyotoka ilikuwa ile niliyoijua itatoka, nyembamba, ya puani, haina besi. Lakini bibi hakusimama. Aliendelea, na chini ya vidole vyake ile sauti mbovu ikaanza kulia kama mtu anayebembeleza kwa kunong'ona. Nilifumbua macho, nikamkuta Baba Pacha amesimama, machozi yanamtiririka.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Ndiyo ile ile ya redioni. Mke wangu, umeipataje?"

Miaka yote alikuwa akinieleza sauti ya Dada Umeme, kwamba haifanani na ya gitaa lolote. Wapiga gitaa walikuwa wameitafuta wakakata tamaa. Mimi sikuwahi kuisikiliza kwa makini, maana nilishachoka kusikia habari za huyo mwanamke.

Bibi aliacha kupiga. Hakumwangalia Baba Pacha, aliniangalia mimi. Kisha akamwomba Baba Pacha amteremkie kwa jirani wa chini akaazime kiti cha nne, eti mgeni anaweza kuja. Baba Pacha angemletea hata kitanda. Akatoka mbio.

Tukabaki wawili.

"Ulifumba macho kabla sijagusa nyuzi," bibi akasema. "Umegeuza waya makusudi."

Sikubisha. Nikamwambia ndiyo, na kwamba nilidhani gitaa ni la hawara.

Akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza hakuwa anacheka tena.

"Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wa vyombo vya bendi," akasema. "Wanaume walikuwa wananitazama sana jukwaani, na yeye alikuwa akiwatazama wao. Siku moja akageuza waya ili niaibike. Nikapiga hivyo hivyo, nifanyeje, watu wameshajaa. Ukumbi ukanyamaza, halafu wakasimama wote. Tangu siku hiyo ndiyo ikawa sauti yangu."

Nikamuuliza alijuaje kuwa ni mumewe.

"Nilifungua kifuniko kesho yake. Nilikuwa nimeshamsamehe hata kabla sijakifunga. Nikawa nasubiri aniambie. Watu walimsifu, fundi hodari, fundi bingwa, naye anainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu. Miaka thelathini na mmoja nimelala na mtu aliyekuwa ananiogopa, na mimi nasubiri. Akafa bila kusema."

Tukasikia miguu ya Baba Pacha kwenye ngazi, kiti kinagongagonga ukutani.

"Mimi simwambii," bibi akasema. "Waya ni wako."

Akaingia akihema na kiti chake. Bado uso unang'aa, akaanza tena kunisifu, kwamba nina sikio la ajabu, kwamba nimeipata sauti ile kwa kusikia tu maelezo yake. Mbele yangu kulikuwa na sifa ya bure ambayo ningeishi nayo maisha yangu yote. Ningeinamisha kichwa tu.

"Baba Pacha, sikuipata," nikasema. "Niligeuza waya ili uaibike. Nilidhani una mwanamke."

Alikiweka kiti chini. Akakaa juu yake, kile kiti alichokifuata kwa ajili ya mgeni. Aliangalia gitaa, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yake.

"Si ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukaniambia nitamjua."

Baadaye akamuuliza bibi kwa sauti ndogo kama nyaya zirudishwe mahali pake. Bibi akalikumbatia gitaa na kumwambia ajaribu kuligusa aone.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilijua nimemuumiza, na sikuwa na la kujitetea. Tulipofika karibu na kwetu akasimama.

"Nilikuona," akasema. "Siku ile umeweka mkono wako juu ya karatasi. Nilikuwa mlangoni. Nikarudi nyuma polepole, nikaenda kucheka nyuma ya karakana. Nilifurahi, Mama Pacha. Nilijisemea, kumbe bado ananitaka."

Nilimwangalia. Wiki nzima nilikuwa silali, nakula kwa kujilazimisha, na mtu aliyekuwa na neno moja la kunitibu alikuwa nyuma ya karakana anafurahi.

Nikalia pale pale barabarani, watu wanapita. Nikamwambia hiyo haikuwa haki. Akasema anajua. Akaomba radhi, nami nikaomba yangu, na bado tulinuniana siku tatu, maana radhi nayo inahitaji muda wa kushuka.

Wewe unayesoma, wivu ukikushika, useme. Useme hata kama sauti inatetemeka, hata ukionekana mjinga. Na wewe unayeonewa wivu, ukiuona, usiende kuchekea pembeni.

Yule bibi alisubiri miaka thelathini na mmoja neno ambalo mimi nililisema kwa pumzi moja. Siku ile tulipoagana alinishika mkono, huu wangu wenye makovu, akaniambia kwamba hadi leo, akisikia mtu anapanda ngazi, anadhani ni mumewe amekuja kumwambia.