Mbuzi Hakuulizwa

Kabla ya kuugua niliweza kubeba kiroba cha mawe kutoka shimoni hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, bila kupumzika. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, ajira hakuna, nikarudi kwetu Nyanungu, kisha nikawafuata vijana wenzangu kwenye machimbo ya Nyamongo. Dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu, nami nikiwemo. Waliniita Profesa kwa sababu sikuchoka kuuliza.

Kikohozi kilianza kidogo. Nyamongo kikohozi si habari, kila anayeshinda kwenye vumbi la mawe anakohoa. Kisha tezi ikavimba shingoni, upande wa kushoto, ngumu, isiyouma. Usiku nililowesha shuka kwa jasho. Ngozi iliwasha hadi nikajikuna kwa gunzi la mahindi. Suruali zikanipwaya.

"Hiyo TB," mhudumu wa zahanati akaniambia.

"Mmepima?"

"Wewe si mchimbaji?"

Nikameza dawa za kifua kikuu miezi mingi. Tezi ikakua, nyingine ikatokea kwapani. Nabii mmoja akasema ni pepo la shimoni. Mganga akasema ni laana ya ukoo. Wote walikuwa na uhakika, na hilo ndilo lililonitia shaka.

Dada yangu Bhoke akaamua kunipeleka hospitali kubwa Mwanza. Baba, ambaye sisi humwita Tata, akakataa tuondoke kabla wazee hawajachinja mbuzi na kusoma utumbo wake. Wakautandaza juu ya majani, wakaukagua polepole.

"Njia ni nyeupe. Aende."

"Na ingekuwa nyeusi?" nikauliza.

"Tungechinja mwingine," mzee mmoja akajibu, wakacheka.

Mwanza walikata kipande cha tezi, wakakipima.

"Si TB," daktari alisema. "Ni saratani ya tezi. Aina hii inatibika, lakini umechelewa."

Nikaanza dripu za dawa ya saratani. Nilitapika mpaka nyongo. Nywele zilibaki kwenye mto. Mdomo ulijaa vidonda, hata uji wa vuguvugu ulichoma. Siku mkojo ulipotoka mwekundu nilipiga kelele. Nesi akacheka: "Ni rangi ya dawa, Profesa. Damu yako bado unayo."

Tata alipokuja kunitazama, alinikuta na daktari mtafiti, dada mmoja mpole. Alitoka katika kituo cha utafiti kinachounganisha vyuo na hospitali kadhaa. Aliomba kipande cha tezi kilichobaki, pamoja na damu yangu na ya mzazi.

"Damu ya ukoo haitoki nje," Tata akasema. "Mkitangaza saratani iko kwenye damu yetu, nani atamwoa Bhoke?"

Yule dada akaeleza kwamba majina yetu hayatatajwa. Alisema vinasaba, yaani maagizo ya mwili tunayorithi, vinaweza kubaki vilevile, lakini juu yake huwekwa alama zinazoamua kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze. Wanataka kujua kama moshi, vumbi na sumu huweka alama zinazonyamazisha vile vinavyotukinga na saratani.

"Itanisaidia kupona?" nikauliza.

"Hapana. Dawa yako ni hiyo dripu. Hii labda itamsaidia mwingine, labda haitamsaidia mtu. Hatujui bado."

Tangu niugue, hakuna aliyewahi kuniambia hajui. Nikakubali.

Tata akanigeukia. "Sisi tunasoma utumbo wa mbuzi, wao wanasoma shingo yako. Tofauti iko wapi?"

"Mbuzi hakuulizwa, Tata."

Akavua koti, akakunja mkono wa shati. "Nichome, binti. Lakini mkikuta kitu, mniambie mimi kwanza."

Tezi zilinywea, zikaisha. Bado naenda kupimwa, na mpaka sasa hawajaona dalili. Sijarudi shimoni. Nafundisha sekondari, na wanafunzi wangu nao wanauliza mpaka wananichosha. Namshukuru Bhoke, ambaye ameolewa na ana mtoto, na manesi walioosha matapishi yangu bila kununa.

Wewe mwenye tezi ngumu isiyouma, usikubali kazi yako ikupe jina la ugonjwa. Uliza kama wamepima. Ukijibiwa vibaya, uliza tena, kisha nenda kwingine mapema kuliko mimi.

Tata hupiga simu kila baada ya muda.

"Wale watu wamepata nini?"

"Bado, Tata."

"Bado? Basi hao hawadanganyi. Umekula?"