Diski ya Alima na Jiwe la Msiro

Palma nzima, ukitaka harusi ya wanawake ipigwe picha, unamwita Alima binti Rehema. Si kwamba wapiga picha hawapo. Wapo tele, wanaume na makamera yao ya kutisha. Lakini mlango wa wanawake ukishafungwa, mitandio ikishavuliwa na viuno vikianza kazi, mwanamume gani ataingia? Hathubutu! Anaingia Alima. Bibi harusi hupewa picha na video zake, na zilizobaki zote hukaa kwa Alima. Amana hiyo. Miaka yote aliiweka ndani ya diski ya nje, kidude chembamba cha kuingia mfukoni.

Siku moja diski ikaanguka kutoka mezani. Akaichomeka kwenye kompyuta: tik, tik, tik, kisha kimya. Akaikimbiza kwa Rafique, fundi wa kompyuta pale sokoni.

"Imekufa," Rafique akasema. "Lakini usilie, dada. Kule mjini Pemba, makao makuu ya mkoa, kuna mtu anazifungua diski kama hizi. Atakutolea vyote."

"Vyote?"

"Vyote. Atazikagua video moja moja, ahakikishe ni nzima."

Alima akaitazama ile diski. Kumbe kitu kinakufa na bado kimeshikilia kila kilichopewa! Mle ndani alikuwamo mama yake, Bi Rehema, akicheza kwenye harusi ya binti yake wa mwisho, muda mfupi kabla ya kufariki. Nakala nyingine haikuwapo. Alimtaka mama yake, jamani, alimtaka. Na nyuma ya mama yake walijipanga wake za watu, vichwa wazi, ili mgeni wa Pemba awakague mmoja mmoja.

"Basi nifutie," akasema.

"Kompyuta yenyewe haiioni, nitafutaje? Ipeleke Pemba. Mficha uchi hazai."

"Uchi wenyewe si wangu, kaka."

Kuifungia sandukuni nako Alima aliona hakufai. Watu wa Palma walishakimbia bunduki wakaacha masanduku, wanajua yaliishia mikononi mwa nani. Basi Rafique akachukua bisibisi, akaifungua, akatoa kisahani kinachong'aa, kidogo kama cha kikombe cha kahawa.

"Kisugue pande zote mbili mpaka mng'ao utoke wote," akasema. "Hapo hata huyo wa Pemba haambulii kitu."

Nyumbani Alima akalitoa jiwe la mama yake, lile la kusagia mti wa msiro wa kupaka usoni. Akamwita Bi Awa, shoga wa mama yake, aje ashuhudie amana ya wanawake ikifutwa.

Bi Awa akakishika kisahani, akaiona sura yake humo. "Subhanallah! Sisi sote tumo humu?"

"Wote. Wa harusi za Mute, wa harusi za Vamizi, wote."

"Mbona simwoni hata mmoja?"

"Hatuonekani, mama. Lakini tumo."

Bi Awa akakigeuzageuza. "Mungu mkubwa. Na Rehema yumo?"

"Yumo."

"Basi usisugue, mwanangu!"

"Na wewe umo, mama. Umevua mtandio, unamwonyesha bibi harusi mambo."

"Yallah!" Bi Awa akaangua kicheko, na machozi yakamtoka hapo hapo. Akamrudishia kisahani.

Alima akasema bismillahi, akatia maji kwenye jiwe, akasugua. Harusi baada ya harusi zikatoka, yakabaki maji ya kijivu yanayotiririka kama yale ya msiro. Alipomaliza akakaa chini akalia kwa sauti.

"Mama amekwenda kweli sasa. Hata alivyokuwa akicheza nitasahau."

"Asahau nani?" Bi Awa akafoka. "Nimecheza naye tangu tuko unyagoni!"

Akaenda akaufunga mlango. Akavua mtandio, akajifunga kitambaa cha kapulana kiunoni. Akanyoosha mkono wa kushoto, akachelewesha goti, akageuza shingo kwa maringo, na Alima vinyweleo vikamsimama. Rehema huyo, yuleyule, na lile goti lake la kuchelewa.

Mkono wa Alima ukaikimbilia kamera mezani. Ukaigusa, kisha ukarudi, na Alima akaanza kumpigia Bi Awa makofi.