Nafuna na Bango Lenye Maneno Machache

Kama kuna kitu Nafuna hakujaliwa kukijua, ni kunyamaza akiwa na haki. Mwaka wake wa mwisho chuoni, akisomea afya ya jamii, ulimi huo nusura umrudishe mwaka mzima nyuma.

Utafiti wake ulihusu maji ya Lindi, sehemu ya Kibera alikozaliwa. Alipita mlango kwa mlango akijaza chupa na kuzipeleka maabara, na jibu likatoka halina kona: palipo na bomba la plastiki linalopita ndani ya mtaro wa maji machafu, watoto wanahara mara tatu zaidi ya palipo na bomba lililoinuliwa. Jambo lenyewe ni hilo tu. Lakini chuo kilitaka liwekwe kwenye bango la utafiti litakalotundikwa ukumbini siku ya maonyesho, na bango lisipopita, mwenyewe anarudia mwaka.

Msimamizi wake, Daktari Shiundu, alimpa bango la mwanafunzi wa mwaka uliopita liwe mfano. Nafuna alilitazama mpaka macho yakamwuma. Utangulizi, mbinu, majedwali, marejeleo, vyote vimebanana kwa herufi ndogo kama chawa. Alilikumbuka vizuri bango hilo. Aliwaona watu wakilipita kama wanavyopita ukuta, wakienda zao kwenye chai na mandazi.

"Lako liwe hivi," Shiundu akamwambia. "Nataka kuona kila kitu umefanya."

"Daktari, nikiweka kila kitu, hakuna mtu ataona kitu."

"Nafuna, hii ni sayansi. Sayansi haipigi kelele. Fuata huo mfano ama tuonane mwaka ujao."

Alirudi Lindi akichemka. Watoto wa watu wanaugua, yeye anaambiwa aufiche ukweli ndani ya msitu wa maneno! Akatia pamba masikioni, akaanza kupunguza. Alifuta aya baada ya aya, akakuza herufi, na katikati akaweka picha kubwa ya jirani yake, Mama Annet, ambaye mwanawe aliugua sana na ambaye alikubali picha itumike. Kisha akaunganisha karatasi kwa gundi, akalitundika bango la majaribio kwenye mabati ya ploti, ua wa vyumba vya kupanga alimoishi, ili aone kama linasomeka kutoka ng'ambo ya pili. Akaenda darasani.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Aliporudi alikuta ploti imejaa watu. Wamama wamejifunga leso viunoni, wanalia. Mzee Khamala, kiongozi wa chama cha watu wa Bungoma, ameshika beseni la mchango.

"Pole sana, Nafuna," mzee akamwambia kwa sauti ya chini. "Mwili uko mochari gani?"

Nafuna akageuka kuyatazama mabati. Alikuwa amesahau kwamba huko Lindi, sura kubwa inayotabasamu kwenye mabati, na maandishi juu yake, ina maana moja tu: kuna mtu ameaga na mwili unatakiwa usafirishwe nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kusoma yaliyoandikwa.

Hapo ndipo Mama Annet alipoingia, ametoka Kawangware kufulia watu nguo, sukuma wiki kwapani.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama mmoja alipiga nduru akakimbia. Wengine waligeuka kulitazama bango. Mama Annet akafuata macho yao hadi kwenye mabati.

"Mimi? Nimekufa na hakuna mtu ameniambia?" Akamgeukia Nafuna. "We msichana, toa mimi hapo! Hayo maji tumekunywa, tumeugua, sasa mnatuzika? Na hiyo bomba yenyewe haionekani popote!"

Ploti nzima ilicheka mpaka machozi. Nafuna naye alicheka, lakini ndani alijiona mjinga. Yeye aliyekuwa akimbishia Shiundu kwamba watu hawasomi, ndiye aliyesahau kwamba jicho linaanza na picha. Akaitoa sura ya Mama Annet, akaweka bomba: limelala mtaroni, kiungo chake kimefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu, maji meusi yakipita juu yake. Juu akaandika sentensi moja, BOMBA LIKIPITA MTARONI, MTOTO ANAHARA. Kando akachora nguzo mbili za chati, moja ndefu na moja fupi. Chini akaeleza kwa mistari michache alivyopima. Mengine yote akayachapa kwenye karatasi za kugawa.

Ciru, rafiki yake mwenye mashine ya kuchapa mabango Kawangware, alilikagua kwenye kompyuta.

"Niaje, huku kando umesahau kuandika?"

"Sijasahau. Hapo macho inapumzika."

"Na Shiundu amekubali?"

"Hajaona."

Ciru akaondoa mkono kwenye mashine. "Maze, utarudia mwaka."

"Basi nirudie nikiwa nimesema. Chapa."

Siku ya maonyesho, Nafuna alilitundika mwisho kabisa wa ukumbi, mahali pekee palipobaki. Aliogopa, kusema kweli. Lakini alisimama kando ya bango lake bila kuinamisha kichwa.

Shiundu akatokea mlangoni pamoja na jaji, Profesa Waruguru. Akasimama ghafla.

"Nafuna!" sauti ikajaa ukumbi. "'Bomba likipita mtaroni, mtoto anahara'? Nani amekuruhusu kuandika hivyo?"

Vikombe vya chai vikasimama hewani. Kila kichwa kikageuka kulitazama bango.

"Daktari," Nafuna akajibu, "umesoma ukiwa wapi?"

Shiundu akatazama miguu yake. Alikuwa bado hajavuka kizingiti. Profesa Waruguru akampita, akatembea moja kwa moja hadi kwenye picha ya bomba, akanyoosha mkono kuomba karatasi ya maelezo.

Nafuna hakurudia mwaka. Bango lile amelirudisha Lindi, kwenye mabati yale yale, na mzee Khamala mwenyewe ndiye aliyeshika msumari. Wenye bomba la mtaroni, wanaouza maji hayo, wamekuja mara kadhaa kumwamuru aliondoe. Amewaambia waondoe bomba kwanza.