Siku Bahari Ilipogunduliwa Kijijini Kwetu

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma, katika kijiji kimoja cha mikorosho na mihogo nyuma ya pwani ya Mtwara. Wengi wetu tulikuwa tumehamishwa kutoka bonde la Ruvuma, penye maji, tukaletwa kwenye ardhi kavu ya kichanga na kuambiwa hayo ndiyo maendeleo. Maji tuliyafuata mbali.

Siku moja akaja mtaalamu wa miamba kutoka wizarani, kijana mpole mwenye nyundo kiunoni. Ardhi yetu haikumvutia hata kidogo. Kilichomsimamisha ni jiwe la kusagia la jirani yangu, mama aliyevuka mto akikimbia vita vya Msumbiji, mtoto mgongoni na jiwe hilo kichwani. Lilikuwa jeusi lenye ukijani. Mtaalamu alipiga magoti mbele ya jiwe lile.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Mtaalamu akaeleza, nami nikatafsiri kwa Kimakonde kadiri nilivyoweza, kwamba zamani mno palikuwa na bahari kati ya mabara mawili. Mabara yakasogeleana. Sakafu ya bahari ikasukumwa chini ya bara, ikazama, na maji yaliyokuwa ndani yake yakatoka na kuiyeyusha miamba ya moto iliyokuwa juu yake. Uji ule wa moto ukapanda, mwingine ukalipuka kuwa volkano, mwingine ukapoa chini kwa chini ukawa matale, yale mawe magumu ya chengachenga. Mwishowe bahari ikafungika. Ila vipande vichache vya sakafu ile havikuzama; vilipandishwa juu ya nchi kavu. Jiwe hili, alisema, huenda ni kimojawapo.

Mwenyekiti akasimama kutufafanulia. Alisema hata mabara yalikubali kuishi pamoja, na aliyekaidi alizamishwa akayeyushwa.

Jirani yangu akaniomba nimuulizie mgeni. "Hiki kipande kilichobaki juu, kilikubali au kilikataa?"

Mtaalamu akamjibu, "Mama, hakikuulizwa."

Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Sisi wengine tulicheka pia, kwa tahadhari.

Mwenyekiti akamkabidhi mtaalamu jiwe kwa niaba ya taifa. Mwenye jiwe akauliza wanawe watakula nini jioni. Mtaalamu aliona haya, akasema yeye vinamtosha vipande vidogo tu. Kwa bahati jiwe lilikuwa limeshalainika kwa kusaga, linahitaji kugongwagongwa lipate meno upya. Basi akaketi mkekani, akagonga kama alivyoelekezwa, huku akiokota vipande vyake. Kesho yake wanawake walipanga foleni na mawe yao, mengi ya kawaida kabisa, yasiyomfaa kitu. Aliyagonga yote.

Taarifa ya mwenyekiti kwenda wilayani ilisema bahari imegunduliwa kijijini. Baada ya msimu wa korosho, lori likatushushia nyavu za kuvulia samaki. Mwenyekiti alizipokea kwa hotuba ndefu. Tulizizungushia mabanda ya kuku, na kwa kweli vicheche hawakutusumbua tena.