Kibao cha Shule na Kiitaliano cha Vitabuni

Mnisamehe tahajia na mwandiko unaopinda. Niliishia darasa la nane, naandika polepole, na meza yangu ni goti, kitandani hapa Al Rayyan, nchi ya Waarabu nilikokuja kufanya kazi. Mwenzangu wa chumbani, wa Kampala, anakaanga kitunguu saumu, na harufu yake imenirudisha Malindi, katika jiko la Waitaliano alikopika mama yangu, kulikonukia mrehani tangu asubuhi.

Nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa nimeapa kutorudi shule. Kwetu, mtoto aliyeponyokwa na Kigiriama darasani alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake, amvishe. Mimi sikuweza kumnasa mtu. Kibao kikalala nyumbani, nikawa bubu, kisha nikakataa kwenda kabisa. Mama akanichukua kazini nimenye vitunguu. "Utamenya hivi mpaka uzeeke, mwanangu," akanung'unika.

Mle ndani waliishi Bibi Assunta, mzee wa Napoli, na Chiara, mke wa mwanawe, mzaliwa wa Venezia. Siku moja bibi akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe, kwa nini hapana shule?" Mama akamweleza. Bibi akanyoosha viganja. "Mimi pia. Fimbo hapa, na hapa. Sababu nasema kama mama yangu." Nikashangaa Mzungu kupigwa kwa kusema lugha ya kwao. Chiara akaeleza kwamba Italia kila mji una lugha yake ya nyumbani. Kiitaliano cha vitabuni kilitoka Firenze, kwa washairi wa kale, na wazee wengi walikikuta shuleni tu. Ili tuamini, akamwaga maneno ya kwao Venezia. Bibi akamgeukia mama. "Huyu anataka nini? Chumvi?" Kisha bibi akamjibu Chiara kwa Kinapoli, naye Chiara akainua mabega. Mama alicheka hadi akaweka mwiko chini.

Nilihisi kifua kimefunguka. Kumbe lugha ya kitabu ni ya watu kukutana njiani, wala haikuamuru mtu aionee haya lugha ya mama yake. Mwacha asili ni mtumwa. Jumatatu nikamrudishia mwalimu kibao, nikamwambia kwamba sitamvisha mtu. Akakipokea, akakitia kwenye droo. "Haya, soma ukurasa unaofuata." Nikasoma kwa sauti.

Leo chumbani kila mmoja ana Kiswahili chake. Mwanaidi wa Unguja hunitania, "Nyie Wakenya lugha mnaikatakata kama mchicha." Nami humjibu, "Basi kula, dada, umeshaiva." Utotoni ningenyamaza wiki nzima. Hotelini ninakokunja mashuka, Mmisri na Mmoroko wasipoelewana hukimbilia Kiarabu cha magazeti, wakimaliza kila mtu akarudi kwenye cha kwao, nami natabasamu peke yangu. Bado ni mwoga wa kusema mbele za watu, ila sioni tena aibu.

Nawe unayenisoma, ukipata nafasi niandikie, kwa maneno unayosema nyumbani kwenu. Nitasoma polepole, na nisilolijua nitamuuliza Mwanaidi, hata akinicheka.