Jina la Mama Kwenye Kibao cha Harusi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, na wala siombi initoke. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba yetu Kinyangiri, ubao wa mninga mapajani, patasi mkononi, nikichonga zawadi ya harusi ya dada yangu Elipendo. Usinidhanie fundi. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo, na mikono yangu ilikuwa laini kuliko ya bibi harusi mwenyewe. Patasi niliiazima kwa seremala wa pale kijijini, naye alinikabidhi kwa huruma, akanisihi nikijikata nisimtaje.

Kwa nini kibao? Kamati ya harusi ilikuwa imeshagawa zawadi: hawa watoe kitanda, wale kabati, wengine vyombo. Mimi, kwa kuwa sikuwa na kitu, nikapangiwa kubeba viti. Nikasema viti nitabeba, lakini zawadi yangu nitaitengeneza mwenyewe. Kitakuwa kibao cha kutundika sebuleni kwao. Juu nikaandika Elipendo na Mikaeli. Chini yake, kwa herufi ndogo, Binti wa Yona na Damari.

Yona ni baba yetu, ambaye alikuwa ameshafariki. Damari ni mama yetu, na huyo alikuwa hai kabisa, anaishi Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, analima alizeti na vitunguu. Shida ilianzia kwenye jina lake.

Mama aliondoka sisi tukiwa shule ya msingi, baba alipoleta mke mwingine bila hata kumwambia. Wajomba zetu wakarudisha ng'ombe wa mahari, wakabakiza wachache kwa sababu yetu sisi watoto. (Sijawahi kujua mimi nilibakiziwa ng'ombe yupi. Naomba tu hakuwa yule aliyekuwa anachechemea.) Kwetu, ng'ombe wakisharudi, mwanamke si wa ukoo ule tena. Kwenye sherehe hatajwi. Hata mwanaye akiolewa, anakuja kama jirani yeyote, anakula pilau, anaondoka. Lakini sisi kila likizo tulikuwa Unyambwa, na sare na daftari zetu zilitoka kwenye alizeti yake. Hilo hakuna kikao kilicholizungumza.

Basi nikiwa pale na ubao wangu, akatokea baba mkubwa Lazaro, kaka yake marehemu baba. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa shughuli yote.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Chuo kikuu siku hizi kinafundisha useremala?"

"Ni zawadi ya Elipendo, baba."

Akakichukua, akakisogeza mbali na macho yake, akasoma polepole. Alipofika chini akakirudisha karibu na macho.

"Damari ndiye nani?"

"Mama."

"Mama wa nyumba hii yuko jikoni anasonga ugali. Huyu ng'ombe wake walirudi. Piga randa hapa, pawe peupe." Akaonyesha kwa kidole. "Ukikileta mbele ya watu kama kilivyo, mimi sisimami kumkabidhi huyo binti kwa wakwe zake. Waje wajomba zake wamkabidhi."

Halikuwa tishio dogo. Baba hayupo, na bibi harusi asiyekabidhiwa na mkubwa wa ukoo angesemwa mpaka Nduguti kwamba ametoroka. Shangazi, ambaye kazi yake ilikuwa kupatanisha kila kitu hata kisichopatana, akanivuta pembeni.

"Bandika ua la kitambaa juu ya jina," akanong'ona. "Mungu anaona chini ya ua."

"Na mama je, ataona chini ya ua?"

"Wewe na maswali yako ya chuo!"

Maswali ya chuo ninayo kweli. Shahada yangu ilihusu jamii na mila zake, na ningeweza kujaza kurasa kukueleza kwa nini ng'ombe hurudishwa. Kwenye kurasa hizo zote usingepata jibu la nifanye nini na patasi ya watu mkononi. Nikakibeba kibao, nikaenda kumuuliza mwenye harusi.

Nilimkuta Elipendo anasukwa nywele na jirani, shingo imepinda. Nikamweleza yote. "Harusi ni yako," nikasema. "Ukitaka jina nilitoe, nalitoa leo hii."

Akanyoosha mkono, akapitisha kidole ndani ya herufi, kwanza za baba, halafu za mama.

"Baba umemchimba," akasema. "Mama umempapasa tu. Ulikuwa unamwogopa nani?"

Nikajitetea kwamba patasi ilikuwa butu.

"Kainoe. Mchimbe mama mpaka randa ikitaka kumtoa ipasue ubao wote."

"Na baba mkubwa asiposimama?"

"Asisimame! Wa kunikabidhi hatakosekana."

"Usitikise kichwa," akasema msusi, "nitapindisha mstari."

Nikarudi nyuma ya nyumba, nikanoa, nikachimba. Mwanangu, nilichimba kwa hasira na bila ufundi wowote. Herufi ya kwanza ilitoka imevimba kama mtu aliyekula matango mabichi, na ile ya mwisho ikakaribia kudondoka nje ya ubao. Lakini zilikuwa na kina. Ungeweza kumwaga maji yakatuama humo. Nikapaka vanishi, nikaweka juani.

Siku ya harusi ikafika. Mama alikuja kwa basi kutoka Singida, akasalimia, akapewa kiti cha mwisho kabisa, mahali turubai linapoishia na jua linapoanzia. Mshereheshaji alipomwita mama wa bibi harusi asimame tumwone, alisimama mke wa pili wa baba, ameinamisha macho. Simlaumu. Naye alikuwa amepangiwa.

Zamu ya zawadi ilipofika, ndugu tukaingia tukicheza kwenye mstari, huyu na ndoo, yule na mashuka. Mimi nilikuwa mkiani, nimeinua kibao juu ya kichwa, na ninacheza vibaya kama ninavyochonga. Mshereheshaji akakipokea kwa mbwembwe.

"Hiki ni kibao cha kuchongwa kwa mkono, jamani! Pigeni makofi! Elipendo na Mikaeli! Binti wa Yona na..."

Baba mkubwa alikuwa ameshasimama, mkono juu. "Inatosha," akasema.

Mshereheshaji akashusha kipaza sauti. Muziki ukazimwa. Tulibaki tunasikia jenereta peke yake.

Elipendo akafunua shela yake mwenyewe, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. "Na Damari," akasoma. "Binti wa Yona na Damari. Mama, uko wapi? Njoo mbele."

Watu wote wakageuka nyuma. Mama alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Halafu akainuka, akajifunga kitenge upya, akatembea katikati ya wageni bila haraka mpaka kwenye meza ya maharusi. Akakitazama kibao.

"Nani kaniandika hivi?" akauliza. "Nimevimba!"

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho baba mkubwa akachukua fimbo yake akatoka, na wazee wawili watatu wakamfuata. Hakumkabidhi dada yangu. Mama ndiye aliyemshika mkono Elipendo, akauweka kwenye mkono wa mama yake Mikaeli, akasema kwa Kinyiramba na kurudia kwa Kiswahili: "Huyu nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na ninakupa mimi." Kwetu mwanamke hakuwa anasema maneno hayo. Siku hiyo yalisemwa, na ndoa ile ipo mpaka leo.

Usidhani baada ya hapo tulikumbatiana wote. Baba mkubwa hakuitikia shikamoo yangu tena mpaka anakufa. Nilimwamkia kila nilipomwona, naye alitazama mbuzi wake. Sikumwomba radhi, na sikuacha kumwamkia.

Kwa hiyo nikuambie ninachokiamini. Siku hizi mnaagiza vibao vya mashine mjini, herufi zimenyooka, na mimi sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na yule mtu atakayekuja kukwambia jina fulani liachwe, kwa ajili ya amani. Muulize ni amani ya nani. Wakubwa wako waheshimu: waamkie, wape kiti, wahudumie wakiugua. Lakini heshima haimfanyi aliyekulea awe mgeni kwenye furaha yako. Wakikutaka umfute, kataa mbele yao, kwa sauti ya adabu, na ubaki hapo hapo uone itakuwaje. Watakununia. Kununiwa hakujaniua.

Haya, mwanangu. Mungu akuongoze, akupe nyumba yenye kelele za watoto na mwenza asiyekuogopa. Na siku ya furaha yako, kila aliyekubeba aketi mstari wa mbele, yu hai, akisikia anatajwa.